Jiwe Shingoni mwa Isaiah

Kinoo,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mama Rachael,

Salamu kutoka kwetu. Sisi wazima. Rachael ameng'oka jino la mbele na anataka ulione, kwa hivyo nimelifunga kwa karatasi ndani ya bahasha hii. Usilitupe, ataliulizia. Barua anakuletea dada yangu Philister, maana siku zake za kufua huko Muthangari ni hizi hizi, Jumatatu na Alhamisi. Simu tulikubaliana tuiache. Tukipigiana tunagombana, na mtoto anasikia.

Sasa nisikie. Ulipoenda kulala kwa hao watu uliniambia ni kazi ya nyumba: kupika, kufagia, kupiga pasi. Sikuipenda lakini nilinyamaza. Jana Philister amekuja kunywa chai hapa, anaweka kikombe chini, ananiuliza, "Kwani bibi yako siku hizi anasomea waya Westlands?"

Waya! Nikamwuliza waya gani. Akasema kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana unatembea mpaka Westlands, kwa duka moja la mapambo, unafundishwa kufunga mawe kwa waya ili watu wavae shingoni. Na anayekufundisha ni mwanamume, anaitwa Isaiah Mutie.

Mama Rachael, mimi ni fundi wa stima. Hapa Kinoo hata mtoto wa nasari anajua kwamba mambo ya waya ni ya Sammy Were. Nyumba za hapa mpaka Uthiru nimezivutia waya kwa mikono hii. Halafu bibi yangu anaenda kushikishwa waya na mwanamume mwingine, na mimi nasikia habari hiyo kwa chai, kama habari ya jirani.

Nijibu haya matatu. Huyo Isaiah ana umri gani? Ana mke? Na kwa nini hukuniambia?

Mimi mume wako,
Sammy Were


Muthangari,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Baba Rachael,

Jino limefika. Nimeliweka ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka, kando ya kitanda. Nililia kidogo, nikaacha, nikaendelea na vyombo.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakuwa hivi. Na umekuwa hivi.

Mambo yenyewe ni haya. Mama Kuria, mwenye nyumba hii, hunipa Alhamisi alasiri niende nipendako. Siku moja nilikuwa napita tu Westlands nikaona kidani kwenye dirisha la duka. Jiwe la kijani, halina tundu, halina gundi, limekumbatiwa na waya tu na halianguki. Nilisimama pale mpaka askari wa jengo akaniuliza kama nimepotea. Isaiah akatoka ndani akasema, "Ingia madam, kuangalia ni bure." Nikaingia. Hivyo tu.

Kufunga jiwe si mchezo. Unachukua nyaya chache, unazilaza pamoja, unazibana katikati kwa waya mwembamba. Kisha unazikunja kufuata umbo la jiwe, na kila jiwe lina umbo lake, kwa hivyo hakuna kukariri. Mwisho kabisa unatengeneza kitanzi juu, na ncha ya waya unaificha nyuma isimchome mvaaji. Ukilegeza, jiwe linatoka. Ukikaza kupita kiasi, waya unakatika na unaanza upya.

Sasa nikwambie kwa nini naenda. Pale dukani kuna meza za mafundi, na moja haina mtu. Isaiah amesema nikipita mtihani wake, meza hiyo ni yangu. Nitafanya kazi mchana, na jioni nitarudi Kinoo kulala kwangu, na kumwosha Rachael miguu mimi mwenyewe. Nimechoka kulala nyuma ya jikoni ya watu. Ndiyo sababu yenyewe. Si Isaiah, ni meza.

Umri wake sijamwuliza. Ana nywele zote.

Naomba unitumie ile tepu yako nyeusi ya stima. Plaisi za kukunjia zinakwaruza waya, lakini ukiviringisha tepu kwenye midomo yake haziachi alama. Na kama una vipande vya shaba vilivyobaki kazini, nitumie nifanyie mazoezi.

Wako,
Jacklyne


Kinoo,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama Rachael,

Ana nywele zote! Hukuona cha kuandika ila hicho. Mimi zangu zimeanza kurudi nyuma na wewe unajua zilianza lini: mwaka ulipohamia huko.

Tepu hii hapa. Ni yangu, nimeinunua mwenyewe, na kila ukiiona nyeusi kwenye plaisi ukumbuke ilitoka kwa nani. Shaba pia nimekuletea. Nimeichuna kutoka kwa kebo nzuri niliyobakisha kwa nyumba ya Wanjira, ile ya ghorofa karibu na barabara. Ni shaba laini, si ule uchafu wa rangi ya shaba wanaouziwa watu mjini. Mwambie mwalimu wako kwamba Sammy Were amesema waya ukiukunja na kuukunjua mahali pamoja unakuwa mgumu na unavunjika. Namna hiyo hakukufundisha, nina hakika. Kama hilo halijui, ni mwalimu wa nini?

Kuhusu meza. Nafurahi unataka kurudi nyumbani. Lakini umeandika mambo mengi kuhusu meza hiyo na hukusema iko karibu na meza ya nani.

Swali la mke pia hukulijibu.

Sammy Were


Muthangari,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Baba Rachael,

Ahsante kwa tepu na shaba. Nilizipeleka dukani, na Isaiah aliuchukua waya wako, akaukunja kidoleni, akasema, "Hii ni kitu safi. Huyu jamaa anajua kazi." Nikajivuna kama ni mimi niliyeuchimba. Hilo la waya kuvunjika analijua, lakini alifurahi kwamba wewe pia unalijua.

Nilidhani nitakuwa hodari siku ya kwanza. Wapi! Kokoto niliyookota uani imetoka ndani ya waya na kuingia kwenye sufuria ya maharagwe, na Mama Kuria karibu avunje jino. Nikafanya mazoezi nikisubiri nguo zikauke, nikisubiri mchele, nikisubiri watoto watoke shule. Shida yangu ilikuwa kidole gumba. Nilikuwa nabana kwa ncha ya kidole badala ya tumbo lake. Isaiah alinishika kidole akakiweka panapostahili, na tangu hapo mawe hayadondoki ovyo.

Meza iko karibu na dirisha. Upande wa pili wa dirisha ni meza yake, ndiyo, maana yeye ndiye fundi mkubwa na lazima aone kazi za wote.

Mke alikuwa naye. Walishaachana.

Mwambie Rachael jino lake ni zima.

Jacklyne


Kinoo,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Jacklyne,

Alikushika kidole.

Umeniandikia hilo katikati ya habari za maharagwe, kana kwamba sitaliona. Nimeliona. Na Philister naye amewaona, Alhamisi hiyo hiyo, akipita nje ya dirisha lenu. Anasema mlikuwa mmeinama juu ya kitu kimoja na mnacheka. Wewe ulicheka na mimi lini? Muthangari si Mombasa. Ni hapa tu, naweza kutembea kwa mguu nikafika, lakini mimi nakuona mwisho wa mwezi, yeye anakuona kila wiki na anakushika kidole.

Ameachana na mke. Sawa. Mwanamume aliyeachana na mke, mwenye nywele zote, anaweka meza karibu na yake, anasema anayeweza kukaa hapo ni wewe. Na mimi nikae hapa nichune shaba.

Jambo lingine. Jana nilifungua kopo la sukari la zamani, lile tunaloweka vitu vyetu, nikitafuta cheti cha kliniki cha Rachael. Jiwe langu halimo. Lile jekundu lenye mstari mweupe, nililolitoa mtoni kwenu Busia siku ile nilipokuja kwa mama yako kwa mara ya kwanza na kila mtu akaniepuka kwa kuwa sikuwa na kitu, isipokuwa wewe. Nilikupa wewe. Liko wapi?

Sammy


Muthangari,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Baba Rachael,

Jiwe liko salama. Nililichukua mwisho wa mwezi uliopita. Usiniulize zaidi, utaliona na utafurahi.

Leo nimeanza mtihani. Isaiah ataijaribu kazi yangu wiki nzima, na Alhamisi ijayo ataniambia kama meza ni yangu. Naomba uniombee badala ya kunihesabia makosa. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu tuoane.

Tulikuwa tunacheka kwa sababu nilikuwa nimejifunga nywele ndani ya waya na fundi mmoja, mama mtu mzima, alikuwa anazikata. Philister hakuliona hilo? Au aliliona akakuletea nusu?

Maana mimi pia ananiletea. Ananiambia stima ya Wanjira inaharibika kila wiki. Soketi ya sebuleni, kisha ya chumbani, kisha taa ya bafuni. Nyumba mpya, na fundi ni mmoja tu. Ananiambia Wanjira anakupikia mukimo na unakula ukiwa umeketi kwenye kiti cha mzee wake. Sikuandika hayo mapema kwa sababu nilidhani nakuamini. Sasa nimeona ni heri nawe ujue jinsi inavyochoma.

Jacklyne


Kinoo,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Jacklyne,

Nilienda Westlands Jumamosi.

Nilibeba ngazi ndogo na mfuko wa vyombo, nikamwambia msichana wa mlangoni nimetumwa kukagua soketi. Mtu mwenye ngazi haulizwi kitu mjini hapa. Akanipitisha. Na nani alikuja kunishikia ngazi? Yeye mwenyewe. Akaniambia, "Pole pole mzee, hiyo tiles inateleza." Mzee! Mimi! Na ni kweli, nywele anazo.

Nikaangusha bisibisi. Akainama kuniokotea, na kitu kikatoka ndani ya shati lake kikaning'inia. Jiwe jekundu, mstari mweupe. Jiwe langu, Jacklyne. Limefungwa kwa shaba yangu niliyoichuna kwa kisu changu. Shingoni mwa Isaiah Mutie.

Nilishuka. Nikalishika, nikavuta kwa nguvu zangu zote, kamba ya ngozi ikakatika. Akaruka nyuma akasema, "Wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mimi ndiye mwenye jiwe, mwenye waya, na mwenye huyo aliyevifunga." Nikachukua ngazi nikaondoka. Mfuko wa vyombo niliusahau, na bado sijaurudia.

Nilipofika nyumbani nilitaka nilitoe jiwe langu humo ndani, waya niurudishe kwenye rola ninakoviringishia nyaya. Nikavuta. Nikasukuma kwa bisibisi ya zamani ya nyumbani. Waya unapinda upande huu, jiwe linakaa. Unapinda upande ule, jiwe linakaa. Nina plaisi nyingine ya kukatia hapa nyumbani, ningekata mara moja. Sijakata. Usiniulize kwa nini.

Ulimpa. Kitu pekee nilichokupa kabla sijawa na chochote, umeenda ukampa avae. Kama umeshakwenda niambie umekwenda, nisidanganywe na habari za meza. Rachael ameniuliza mama anakuja lini. Nimemwambia akaulize Westlands. Amelia, na mimi ndiye niliyemliza.

Ya Wanjira ni uongo. Mukimo nilikula mara moja tu.

Sammy


Muthangari,
Alhamisi, 27 Machi 2025

Sammy,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nina hasira.

Pale dukani wana desturi yao. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi huvaliwa na mwalimu wiki nzima. Anaoga nayo, analala nayo, anabeba mizigo nayo. Jiwe likilegea, mwanafunzi anarudi nyumbani. Isaiah amevaa za wote, hata ya yule mama mtu mzima. Huo ndio mtihani niliokuambia. Haikuwa zawadi kwake. Ilikuwa zawadi yako, na alikuwa anaijaribu.

Ningeweza kufunga jiwe lolote. Nilichukua lako kwa sababu nilijua hilo sitathubutu kulilegeza. Nilitaka siku nitakayorudi na mabegi yangu nikuvishe. Nilinyamaza ili ufurahi. Kumbe kwako kunyamaza ni kama kukusanya ushahidi.

Leo nimeingia dukani na kila mtu amejifanya ana kazi nyingi. Nilidhani Isaiah ataniambia nisirudi. Alinipa mfuko wako wa vyombo, Philister anakuletea, akacheka, kisha akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema: "Jacky, mimi huvaa tu. Huyo amevuta kama ng'ombe na haikutoka. Lakini wiki haijaisha. Sasa yeye ndiye avae. Hakuna mtu ataiangalia na jicho mbaya kama yake."

Kwa hivyo mtihani uko shingoni mwako. Tia kamba mpya, livae kuanzia leo mpaka Alhamisi ijayo. Panda nalo ngazi, ingia nalo kwenye dari za watu. Likikaa, meza ni yangu. Likitoka, sina meza. Mwisho wa mwezi huu sitakuja, nisikuharakishe.

Na nikufundishe kitu, fundi wa waya. Geuza nyuma. Chini ya kitanzi, upande wa kushoto, kuna ncha niliyoificha. Ukiinua ncha hiyo kwa ukucha na kuifuata inakozunguka, kila kitu kitafunguka na jiwe litadondoka mkononi bila kukata chochote. Hakuna atakayejua isipokuwa sisi wawili. Mimi nitabaki nyuma ya jikoni ya Mama Kuria, mbali na Isaiah kama unavyotaka. Na mbali na wewe.

Chagua.

Jacklyne

Mwambie Rachael sijaenda popote. Mwambie leo, kabla hajalala.


Kinoo,
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mama Rachael,

Nimemwambia. Aliniuliza, "Una uhakika?" Mtoto ameshakuwa kama mimi.

Jiwe nimelivaa. Nimelipandisha kwenye mapaa, nimelala nalo, limenipiga meno nikiinama kutafuta waya chini ya ngazi. Majirani wote wa Kinoo wameniuliza tangu lini nikawa mtu wa mapambo. Gerishon wa duka la nyama ananiita bwana harusi.

Jumatatu Wanjira aliniita kwa soketi. Nikiwa nimepiga magoti akaona jiwe, akasema, "Haiya, kidani kizuri hivyo! Nani amekupea?" Nikamwambia, "Bibi yangu. Ameifunga yeye mwenyewe." Akasema ahaa. Soketi haikuwa na shida yoyote, Mama Rachael. Nilipima mbele yake. Sikuwahi kupima vizuri zamani, na hilo ulikuwa na haki ya kuliuliza. Tangu siku hiyo stima yake ni nzima.

Sasa hili lingine ningeweza kulinyamazia. Jumanne nilikuwa nimekaa kitandani, Rachael ameenda kwa Philister. Nikaligeuza jiwe. Nikaitafuta ncha mahali uliposema. Niliipata kwa ukucha, nikainua kidogo, ikanyanyuka. Nikamwona akilini Isaiah na nywele zake, na dirisha, na meza mbili. Nikawaza, vuta tu, Sammy, ukae kwa amani. Halafu nikakiangalia kitanda kilivyo upande wako. Nimekuwa nikiweka nguo zilizokauka hapo ili kisionekane kitupu.

Nilitafuta kipande cha tepu nyeusi, nikaviringisha mdomoni mwa plaisi kama ulivyosema, nikaibonyeza ncha ikarudi ndani. Nimeibonyeza vizuri. Ukikuta alama ndogo hapo, ni ya ukucha wangu. Jiwe halikutikisika hata wakati huo.

Wiki imeisha. Limekaa.

Sammy


Muthangari,
Alhamisi, 3 Aprili 2025, jioni

Baba Rachael,

Philister amenisubiri nikiandika hii, amesimama mlangoni ananiuliza umesema nini. Sitamwambia, na wewe usimwambie.

Nimesoma ile ya ncha mpaka karatasi imelowa. Nilikuwa na hakika utaifungua. Nisamehe kwa hakika hiyo, au usinisamehe, utachagua.

Nimempa Mama Kuria notisi. Lakini Isaiah anasema hawezi kunipa meza kwa maneno ya mume, lazima alione jiwe kwa macho yake. Ana pikapu, na mimi nina mabegi na godoro. Kwa hivyo Jumapili ya tarehe kumi na tatu, baada ya kanisa, atanileta Kinoo na kulikagua hapo hapo. Nimemwambia atapewa chai.

Naomba sana usiniaibishe.

Jacklyne


Kinoo,
Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mama Rachael,

Aje. Chai ipo, na mandazi nitaagiza kwa mama wa kona. Godoro tutabeba mimi na yeye, mimi nikiwa mbele.

Jiwe atalikagua. Atazame atakavyo, aweke hata miwani. Akitaka kuona nyuma aniombe, nitaligeuza mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Lakini litakuwa shingoni mwangu akilitazama, na akimaliza chai yake akaondoka na pikapu yake, litakuwa shingoni mwangu bado. Umri wake nitamwuliza mimi mwenyewe.

Sijabadilika sana, unaona. Njoo tu hivyo hivyo.

Nguo nimezitoa kitandani. Na Rachael anasema usisahau jino lake. Anauliza kama nalo linaweza kufungwa kwa waya. Nimemwambia linaweza, mama yake atalifunga hapa nyumbani, na baba yake atamshikia tepu.

Mume wako,
Sammy Were